Naomba ushauri: kibodi inayopokea vitufe sita kwa mpigo

Habari zenu wakuu. Niko Kampala, namfundisha mdogo wangu asiyeona kuandika breli (maandishi ya nukta za kugusa) kwenye kompyuta. Programu inageuza vitufe sita kuwa nukta sita: F, D, S ni nukta 1, 2, 3, na J, K, L ni 4, 5, 6. Kila herufi, vidole vyake vinashuka pamoja.

Shida ni kibodi. Herufi za nukta chache kama a, b, e zinaingia vizuri. Ila "y" inataka F, S, J, K na L kwa pamoja, na hapo K haisomeki, basi inatoka "x". Kijana anaandika "yeye", kompyuta inamsomea "xexe". Analaumu vidole vyake, maskini.

Ninavyoelewa, vitufe vya kibodi nyingi za bei nafuu vimeungwa kwenye gridi ya nyaya bila dayodi (kifaa kidogo kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu), kwa hiyo baadhi ya michanganyiko ya vitufe vitatu au zaidi huzuiwa makusudi, isije ikatokea herufi ambayo hukuibonyeza. USB katika mfumo wake wa msingi hubeba vitufe sita, mbali na Shift, Ctrl na wenzao, kwa hiyo sidhani tatizo liko hapo.

Je, kuna anayejua kibodi inayopokea hivi sita, inayopatikana hapa mjini chini ya shilingi 100,000? Lazima iwe ya mekanika, yaani ile ambayo kila kitufe kina swichi yake? Na dukani nijaribuje, maana wauzaji wengine hawataki boksi lifunguliwe kabla hujalipa?