Mnada 8,000, mkononi 5,900: karatasi ya malipo ya kahawa iandikweje?

Karani wa Uru
Habari zenu wakuu. Chama chetu cha msingi, huku Moshi, kinapokea kahawa ya maganda, inakobolewa mjini, kisha inaingia mnadani. Malipo ya pili, yale ya baada ya mnada, yakitoka, swali ni moja: "Mnada ulikuwa 8,000 kwa kilo, mbona mimi nimepata 5,900?" Majibu ya mdomo hawayaamini tena. Tuandikeje ili hata bibi mwenye kilo 40 aone hela yake imepita wapi?

Mzani
Kaka, 8,000 ni bei ya kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa, na bibi kaleta yenye maganda. Anzia hapo. Kilo 100 za maganda yaliyokauka vizuri hutoa karibu kilo 80 za kahawa safi. 80 mara 8,000 ni 640,000; gawa kwa 100, unapata 6,400 kwa kilo ya maganda. Kwa hiyo ile 1,600 hakuna aliyeila, ni ganda lililobaki kiwandani. Mnachodaiwa kueleza ni 500: kukoboa, usafiri, magunia, ushuru wa chama, riba ya mkopo wa malipo ya awali. Kila kato na mstari wake. Mkiandika "gharama nyinginezo", karatasi nzima haiaminiki tena, na wana haki.

Halafu 8,000 yenyewe ni wastani. Loti moja, yaani mzigo mmoja unaouzwa pamoja, hutoa AA, A, B, PB, C na madaraja ya chini, kila moja na bei yake. Zidisha kilo za kila daraja kwa bei yake, jumlisha, ndipo ugawe kwa kilo zote. Wengi hujumlisha bei peke yake na kugawa kwa idadi ya madaraja. Hapo vikilo vichache vya C vinahesabika sawa na gunia kumi za AA, na wastani unakuwa wa uongo. Ubaoni bandikeni nakala ya ripoti ya kukoboa na ya mauzo, zote mbili, kama zilivyokuja.

Meza ya Kuanikia
Naongezea unyevu. Kilo 100 zikipokelewa na unyevu wa asilimia 14, zikishuka hadi 11 ghalani zinabaki kilo 96.6. Kilo 3.4 zimeshalipiwa na hazipo, na kwa kuwa loti ni ya pamoja, pengo analibeba hata aliyeanika mpaka ikakauka sawasawa. Huo ni uonevu, na hautaonekana kwenye karatasi yoyote msipouzuia mlangoni. Chukueni sampuli juu, katikati na chini ya gunia, kwa sababu mbichi hufichwa katikati. Mkulima asome kipima unyevu kwa macho yake. Ikizidi asilimia 12, irudi meza ya kuanikia.

Stakabadhi iwe na uzito wa jumla, uzito wa gunia tupu, uzito halisi na unyevu. Nakala moja abaki nayo. Mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, na kila asubuhi ijaribiwe kwa jiwe la kilo 20 kabla ya gunia la kwanza.

Mkaangaji Arusha
Kwa upande wa wanunuzi: bei ya bandarini haisemi mkulima kapata nini. Sisi tuombe shilingi kwa kilo ya maganda, pamoja na tarehe aliyolipwa. Na kama chama kina cheti cha Fairtrade (biashara ya haki), ile nyongeza ya senti 20 za dola kwa paundi iandikwe peke yake. Matumizi yake huamuliwa na mkutano mkuu, na angalau senti 5 ziende kwenye tija na ubora. Ikichanganywa na bei, wanachama hawatajua walikuwa na la kuamua.

Karani wa Uru
Asanteni sana. Na mkopo wa pembejeo wa mtu binafsi?

Mzani
Huo usiende ubaoni. Ubaoni ni makato ya wote. Deni la mtu liwe kwenye karatasi yake, chini ya mstari wa "stahili kabla ya mikopo", aweke sahihi pale.