Nifanyeje ili daktari anielewe?

Muulizaji:
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Nimesumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu, lakini kila nikiingia kwa daktari mimi husema tu kwamba tumbo linauma, naandikiwa dawa na kutoka, ilhali kinachonitia hofu zaidi, yaani kupungua uzito, sijakigusia. Nifanyeje nieleweke katika muda mfupi ninaopewa?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana. Anza na hilo la uzito, kabla hata ya maumivu, kwa sababu kukonda bila kukusudia ni dalili nzito ambayo huweza kubadili vipimo utakavyoandikiwa. Kisha yaeleze maumivu yenyewe: onyesha kwa kidole yalipo, sema yalianza lini, kama yanachoma au yanasokota, kama yanakuamsha usiku, na kama chakula huyatuliza au huyachochea. Maumivu ya chembe ya moyo yanayotulia ukila humfanya daktari afikirie vidonda vya tumbo, na yale yanayokuja baada ya mlo wenye mafuta mengi, yakapanda hadi bega la kulia, humfanya afikirie vijiwe vya nyongo. Ndiyo maana kueleza dalili kunasaidia kuliko kuingia na jina la ugonjwa ulilojichagulia.

Mchangiaji wa pili:
Naongezea suala la dawa. Beba pakiti za kila unachotumia, hata ulichonunua mwenyewe dukani na hata dawa za miti shamba, na kama uliacha dozi njiani, sema. Kabla ya kuondoka, rudia maelekezo kwa maneno yako mwenyewe, ili kama kuna ulichokielewa vibaya kirekebishwe palepale.

Muulizaji:
Nawashukuru. Natumia diklofenaki kwa ajili ya mgongo, ila sijawahi kuulizwa. Je, inahusika?

Mchangiaji wa kwanza:
Inaweza kuhusika sana, ndugu yangu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo na huweza kusababisha vidonda, hivyo mweleze daktari unatumia kiasi gani na tangu lini, bila kusubiri kuulizwa, na umwombe dawa mbadala ya mgongo. Iwapo utapata choo cheusi kama lami au ukatapika damu, usingoje siku ya miadi. Nenda hospitali mara moja.