Mteja anataka vioo mwanzo mwisho upande wa magharibi: programu gani itanisaidia kumwonyesha athari zake kwenye umeme?

Mchoraji_Chipukizi
Wakuu habari za jioni. Mimi ni msanifu majengo, sijakaa sana tangu nimalize chuo, nipo kwenye ofisi ndogo hapa Dar. Kuna mteja anajenga ofisi ya ghorofa mbili Mikocheni. Uso wa jengo unatazama barabara, yaani magharibi, na yeye anataka hapo vioo kutoka chini hadi juu kwa sababu jirani yake kaweka hivyo. Hapo hapo anataka bili ndogo ya umeme. Nimemweleza kwa mdomo kwamba hivyo viwili haviendi pamoja, akasema "nionyeshe kwa namba".

Naombeni ushauri: programu gani ya simulesheni ya nishati (yaani kukadiria kwa kompyuta umeme ambao jengo litakula) naweza kuielewa haraka bila kununua leseni? Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8. Na data ya hali ya hewa ya Dar naipata wapi? Natanguliza shukrani.

Mtoto_wa_GMboto
Mteja ana hela zake, mchoree vioo. AC zipo madukani, akizidiwa aweke sola juu ya bati. Unajitafutia maneno bure.

BiMkandarasi
@Mtoto_wa_GMboto joto la magharibi linapamba moto saa tisa, saa kumi, wakati huo jua limeshainama na paneli za juu ya paa zinashusha uzalishaji. Sola nzuri, ila haifuti mchoro mbovu.

Mleta mada, kama unataka kuelewa hali ya hewa tu kabla ya kugusa modeli, anza na Climate Consultant. Ni ya bure, inakusomea faili la hali ya hewa na kukuchorea joto, unyevu, upepo na njia ya jua.

InjiniaWaPwani
Mdogo wangu, chukua EnergyPlus. Imetolewa na Wizara ya Nishati ya Marekani, ni bure, ipo tangu 2001. Yenyewe ni injini tu, unailisha faili la maandishi na inakutemea majedwali, kwa hiyo itumie kupitia OpenStudio, nayo ya bure. DesignBuilder ina sura nzuri zaidi na ndani yake inaendeshwa na injini hiyo hiyo, ila ni ya kulipia. GB 8 kwa ghorofa mbili zinatosha sana.

Data ingia climate.onebuilding.org, tafuta Tanzania, pakua faili la EPW la Dar, ndilo faili la hali ya hewa ambalo programu inalisoma. Lina saa zote 8,760 za mwaka wa kawaida. Hakikisha limepakiwa kweli: mifano mingi inayokuja na EnergyPlus imewekewa Chicago, utajikuta jengo lipo Mikocheni na jua ni la Marekani.

Sasa jambo ambalo wengi wetu tulikaririshwa vibaya: eti kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, jua liko kaskazini tu. Dar iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Kuanzia kama tarehe 10 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linakuwa upande wa KUSINI wa jengo lako, na hiyo ndiyo miezi ya joto kali. Kwa hiyo kusini nako weka kivuli, usikimbilie kaskazini peke yake. Upepo wa miezi hiyo ni kaskazi, unatoka kaskazini mashariki; madirisha ya kufunguka yaelekee huko.

Kuhusu vioo vya mteja, hesabu ya haraka hata bila programu. Saa kumi jioni siku ya jua kali, ukuta wa magharibi unapigwa na kama wati 600 kwa kila mita ya mraba. Kioo cha kawaida kisicho na rangi kinapitisha karibu asilimia 80 ya hilo joto. Mita 20 za mraba za kioo ni kilowati 9.6 zinaingia ndani, sawa na BTU 33,000 kwa saa (BTU ndicho kipimo cha joto kinachoandikwa kwenye AC). Hizo ni karibu AC tatu za BTU 12,000 zinazopambana na kioo tu, bado watu, kompyuta na paa.

Nai_Designer
Niaje. Niko Nairobi, na kitu kimoja nimeona ni watu kukopi setting za Dar na kuzileta huku au kinyume chake. Huku tuko juu, karibu mita 1,700, usiku kunapoa. Ofisi yenye kivuli na madirisha mazuri inaweza kukaa bila AC. Pwani usiku haukusaidii hivyo, hewa inabaki nzito na unyevu.

Mgogo_Asilia
Dodoma pia ni tofauti, kukavu na usiku unashuka. Ukuta mzito ukifunguliwa madirisha usiku, unaingia mchana ukiwa umepoa. Ukiijaribu hiyo mbinu kwenye faili la Dar utaona faida inayeyuka. Ndiyo raha ya simulesheni, inakukatalia mapema.

InjiniaWaPwani
Kweli kabisa. Nyongeza: usikubali thamani ambazo programu imejijazia. Jengo la Ulaya limezibwa hewa haipenyi. Letu lina madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yanayovuja pembeni. Weka tofali la saruji la inchi 6 kama lilivyo, bati na dari ya jipsamu kama zilivyo. Na AC usiiwekee nyuzi 24 kama wafanyakazi wataishusha hadi 18. Ingiza 18, kisha ingiza 25 na feni za dari, mteja aone zote mbili. Feni inakula wati 50 hadi 75, AC ndogo inaweza kufika kilowati nzima.

Usimwahidi bili kamili. Linganisha mchoro kwa mchoro, vitu vingine vyote vikiwa sawa.

Mchoraji_Chipukizi
Wakuu nimeshindwa kulala kwa hii programu, ila imekubali. Nimeendesha mchoro wa vioo vitupu, wa vioo vya tabaka mbili, na wa vioo vilivyopunguzwa vyenye luva (mapezi ya kukinga jua) za wima nje. Nilitegemea tabaka mbili zingeshinda kwa sababu ndizo ghali. Wapi! Luva zimeziacha mbali. Kenopi ya mlalo nayo upande huo haina msaada, jua linapita chini yake.

BiMkandarasi
Jua likiwa chini hivyo, la kulizuia ni kitu cha wima, na kiwe nje ya kioo. Pazia la ndani joto limeshaingia. Mteja usimpelekee majedwali ya kilowati. Zidisha uniti kwa bei ya LUKU, mpe shilingi za mwezi wa joto kama Februari, na tofauti ya idadi ya AC za kununua. Hapo ndipo atasikiliza.

Mchoraji_Chipukizi
Nashukuru dada. Kikao ni wiki ijayo. Kuna anayejua fundi wa luva za aluminiamu Dar anayetoa bei kwa mita ya mraba, pamoja na kufunga? Mteja lazima ataniuliza hilo kwanza.