Mitungi pacha ya hewa ya kuzamia (miwili iliyounganishwa mgongoni): chuma lita 12 au alumini lita 11?

Swali: Wakuu, nazamia Pemba, mita 45, suti ya milimita 3. Nichukue ipi?

Jibu: Alumini. Chuma pacha ni kizito mno kwa suti nyepesi; mfuko wa kuelea ukipasuka, mapezi pekee hayakuinui. Ila alumini hewa ikikaribia kuisha huelea, kila mtungi kama kilo 2, kwa hiyo ongeza vipande vya risasi vya uzito.

Jibu: Piga hesabu kwanza. Mita 45 ni shinikizo la bar 5.5, ukivuta lita 20 za hewa kwa dakika juu ya maji, chini ni 110. Mitungi miwili, lita 22, kwa bar 200 ni lita 4,400 za hewa. Theluthi ya kwenda (nyingine ya kurudi, nyingine ya akiba) ni dakika 13 tu, kushuka kumo humo!

Jibu: Valvu ya katikati, inayounganisha mitungi, iwe wazi kabisa. Ikifungwa unavuta mtungi wa kulia, geji ya hewa ya kushoto haisogei.