Mama ana Alzheimer, nauziwa vidonge vya "kufufua mitokondria". Nishaurini wakuu

Mwana wa Pangani
Habari za jioni wakuu. Mama ana miaka 71. Alianza kwa kutia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, sasa ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Daktari kasema Alzheimer. Wiki iliyopita jamaa mmoja wa dawa lishe kaniambia chanzo ni mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, kuharibika, na ana vidonge vya kuzifufua, laki mbili na nusu kwa mwezi. Kaongeza kuwa mitokondria hurithiwa kwa mama, kwa hiyo na mimi nianze mapema! Tangu hapo silali vizuri. Kuna ukweli au napigwa?

Binti Maabara
Pole kaka. Ukweli upo, ila kautia chumvi kuliko mama. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote, na sehemu kubwa ya nishati hiyo inatengenezwa na mitokondria ndani ya seli. Kwa wagonjwa wa Alzheimer kimeng'enya kinachotumia oksijeni humo, saitokromu oksidasi, kimeonekana kupungua nguvu. Mitokondria mbovu zinamwaga kemikali zinazounguza seli, na seli iliyochoka inashindwa kuziondoa mitokondria hizo.

Ubishi ni nani kamwanza mwenzake. Mwaka 2004 watafiti Swerdlow na Khan walitoa hoja kwamba mitokondria ndizo zinaanza kuchoka, kisha inafuata amiloidi, protini inayoganda katikati ya seli za ubongo. Wengine wanasema amiloidi na tau, protini nyingine inayojikunja vibaya ndani ya seli hizo, ndizo zinaziharibu mitokondria. Mimi naona kila upande unamchochea mwenzake.

Kuhusu urithi, DNA ya mitokondria inatoka kwa mama, kweli, lakini ina jeni 37 tu. Protini nyingine zote za mitokondria, zaidi ya elfu moja, zinatokana na jeni za wazazi wote wawili. Hata APOE4, jeni inayojulikana zaidi kuongeza hatari, baba anaweza kukupa.

Kiroboto79
Mwulize huyo jamaa habari za Dimebon. Dawa ya mzio ya Urusi, ikasemwa inalinda mitokondria, 2008 ikasifiwa sana kwa Alzheimer. 2010 jaribio kubwa likaonyesha haina tofauti na kidonge kisicho na dawa ndani. Hao walikuwa na maabara, yeye ana begi.

Mama Kibibi
Mwanangu, hiyo laki mbili na nusu mpimie mama vitamini B12, tezi ya shingo, presha na sukari. Hizo zikiwa mbovu zinazidisha kusahau, na zinatibika. Nilimuuguza mume wangu miaka sita.

Mwana wa Pangani
Shukrani sana. Jumatatu nampeleka. Mama Kibibi, usiku anaamka anataka kwenda "kwao", mlikuwa mnafanyaje?

Mama Kibibi
Usimbishie. Mwulize huko kwao kuna nani, mtembeze sebuleni taratibu, akichoka atarudi kulala. Na ufunguo wa geti ulale nao wewe.