Naomba ushauri: kupokezana zamu za kuuguza kijijini

Habari zenu ndugu. Namuuguza mama, amepooza upande mmoja tangu apate kiharusi. Namgeuza kila baada ya saa 2, usiku na mchana, asipate vidonda vya mgongo. Niko peke yangu. Juzi nilisinzia nikimlisha, kijiko kikiwa mkononi.

Kijijini tuko kaya 5 zenye wagonjwa kama yeye, ila nyumba ziko mbalimbali. Nataka tupokezane zamu, kila mlezi apumzike walau nusu siku. Tatizo, mama hataki kabisa kuogeshwa na mtu baki, na kumlazimisha siwezi. Mwili ni wake. Kwa hiyo naona wagonjwa wenyewe waitwe tangu kikao cha kwanza.

Mliowahi kufanya hivi, mlianzaje? Na nani aliwafundisha kumnyanyua mgonjwa bila kumuumiza?