Naomba ushauri: msimu wa joto samaki wamenisusa

Wakuu, salaam. Naomba msaada wenu, hasa wavuvi wa mshipi.

Navua nikiwa ufukweni, karibu na mlango wa hori ambapo maji ya chumvi huingia na kutoka. Miezi ya baridi sikuwa na shida. Tangu joto lianze, alfajiri nashtuliwa mara mbili tatu, jua likishapanda ni kimya mpaka nafunga virago. Ukitia mguu, maji yenyewe ni kama ya kuogea.

Natumia chambo cha kamba wabichi, ndoana ndogo, chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) la gramu 60 na mshipi wa nailoni wa milimita 0.40. Shida ya kamba, visamaki vidogo vinawadonoa hadi ndoana inabaki tupu ndani ya dakika chache. Nikahamia vipande vya ngisi kwa kuwa nyama yake ni ngumu. Hapo chambo kikadumu, ila mara mbili mshipi umekatwa juu kidogo ya ndoana, kama kwa wembe. (Mara ya pili nilimwona akiruka. Roho iliniuma!)

Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo nahisi wakubwa wanashuka kwenye kina mchana. Nimejaribu kurusha mbali zaidi, hola.

Sasa, kati ya usiku maji yakijaa na alfajiri yakianza kupwa, mngechagua lipi wakati huu wa joto? Na kwa hao wenye meno, nifunge kipande cha waya, au nailoni nene inatosha bila kuwashtua wengine?